Pikipiki Iliyonyweshwa Ulanzi

Lenard wa Makambako aliwadharau watu wengi, na hakuwaficha. Madereva wa malori aliwaita wasafirisha usingizi. Mafundi wa pale njia panda, kwake yeye, walikuwa wafungua nati tu. Lakini dharau yake nono, ile ya asubuhi kabla ya chai, aliwawekea vijana wa bodaboda.

"Mnaendesha cherehani," aliwaambia. "Zinalia tititi kama mama anashona sare za shule. Pikipiki hulia, bwana, mpaka mbwa wa mtaa wa pili waamke!"

Tatizo ni kwamba ya kwake ilikuwa bubu. Miaka mingi ililala ghalani chini ya magunia, kuku akitagia juu ya kiti. Aliinunua misheni, upande wa Njombe, padre mmoja aliporudi kwao, na ndiyo iliyomleta mkewe Konsolata hadi Makambako akiwa bibi harusi, amejifunga blanketi kwa baridi, macho yamejaa moshi. Ni zile za zamani ambazo oili haikai chini ya injini. Unaichanganya na petroli, vinaungua pamoja, ndiyo maana hufuka kama jiko la kuni mbichi.

Mwaka huu Konsolata akachoka.

"Baba Angela, siku viazi vyangu vitakapofika kutoka Kifanya nataka ghala. Hilo lichuma lako ama litoke lenyewe kwa sauti yake, ama litoke kwenye guta la Ronald."

Ronald alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akivibeba kwa guta lake la matairi matatu. Lenard akamdharau papo hapo, kisha akakubali.

Siku ya viazi akaamka na spana. Plagi alishaisugua, cheche akaziona kwa macho yake. Kijana wa bodaboda aitwaye Steven akachungulia mlangoni.

"Shikamoo babu. Hivi hii oili unamwagia wapi? Huku chini sioni kifuniko."

"Marahaba. Tazameni mtu anayejiita dereva! Ng'ombe wenu kwenu mnamnywesha mguuni? Oili inakwenda na petroli, mdomoni, huku juu."

Akachukua dumu la njano lililokuwa ukutani, akamimina petroli, akaongeza oili, akatikisa huku akipiga mluzi, kisha akajaza tenki kwa madaha, ili Steven ajifunze.

Akapiga kiki. Injini ikakohoa. Akapiga tena, ikakohoa, ikanyamaza kabisa. Akapiga mpaka akavua koti, na baridi yote ile. Nje gari la viazi likapiga honi. Ronald, aliyekuwa amekuja kusubiri chuma chake, naye akalisogeza guta mpaka mlangoni, akaingia.

"Mzee, usijichoshe. Chuma kikifa kimekufa."

"Nyamaza, umezoea kuzika masufuria wewe!"

Hapo Konsolata akatokea jikoni. "Nani kachukua dumu langu la ulanzi?"

Wote wakalitazama lile dumu la njano.

"Lilikuwa tupu," Lenard alisema.

"Tupu kwa mnywaji. Nilikuwa sijalisuuza, mashapo yote yamo chini." Akafungua kifuniko cha tenki, akalinusa. "Umeilevya, Baba Angela."

Steven alicheka mpaka akakalia gunia. "Babu, kweli ng'ombe kanyweshwa mdomoni. Ila pombe!"

Lenard alimwaga tenki lote, akafungua kabureta, likatoka tope jeupe lenye harufu ya sherehe. Akapuliza tundu za ndani kwa mdomo, moja moja, akitema mate. Alipomaliza akakuta hana petroli tena, na wabebaji walikuwa wameshateremsha gunia la kwanza.

Akatazama dari. "Hiyo cherehani yako," akamwambia Steven, "ina petroli?"

"Ipo. Lakini ya cherehani itaamsha mbwa?"

"Lete, acha maneno."

Steven akaitoa kwa mpira, akaitia kwenye chupa ya maji. Lenard akainusa chupa kwanza, kisha akatia oili. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikalipuka. Ghala likajaa moshi, kuku wakakimbia, Ronald akatoka anakohoa kama mgonjwa, na mbwa wa mtaa wa pili, kweli, wakabweka. Lenard akapanda, akapita katikati ya magunia, akatoka mlangoni hana hata salamu.

Alikwenda barabara ya Njombe, akarudi kupitia njia panda ili wamwone. Walipompongeza, akasema petroli ya bodaboda ni nyepesi mno, mashine yake imeivumilia tu.

Jioni ghala lilikuwa limejaa viazi hadi mlangoni. Lenard akaisukuma pikipiki mpaka sebuleni, akaiegesha kando ya makochi, chini ya picha ya Bikira Maria.

"Humu?" Konsolata aliuliza.

"Ulisema itoke ghalani. Imetoka."

Konsolata akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa misa. Akaweka beseni chini ya injini, matone ya petroli yasiharibu zulia, kisha akaenda kulificha dumu lake chumbani.