Vita Vilivyohamia Kwenye Mapichi

Tuwekeane dau. Naweka kikapu kizima cha mapichi, yale makubwa ya Julai, kwamba hakuna atakayeniamini: Delmas Yarbrough alihamisha vita vizima, na mizinga yake na maiti zake, akavivusha kijito cha Harpole, na hakuazima hata mkokoteni. Alitumia mdomo.

Mdomo ndio urithi aliopewa. Shule aliacha darasa la sita kwa sababu, kwa maneno yake, mwalimu alikuwa ameshajifunza kwake vya kutosha. Ukweli ni kwamba baba yake alikufa, na nyumbu wa shamba hakuwa na wa kumshika. Shamba lenyewe lilikuwa mawe matupu. Basi Delmas akapiga kibanda cha mbao kando ya barabara kuu ya kwenda Nashville, akawa anauza mapichi, matikiti na uongo, na huo uongo ndio uliokuwa haumwishii.

Mwaka 1948 akaja bwana mmoja wa serikali ya jimbo, shati jeupe, viatu havijawahi kuona tope.

"Kijana, nasikia hapa Harpole walipigana mwaka 1864, kwenye vile vita vya Kusini na Kaskazini. Ni wapi hasa? Tunataka kusimika bango."

Delmas alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alipajua. Babu yake alimpeleka akiwa mdogo, ng'ambo ya kijito, penye mierezi mitano iliyojipanga kama watu kwenye foleni. Chini yake ardhi imebonyea, na juu umetambaa ule mmea wa maua ya buluu ambao watu wa zamani waliupanda makaburini. Babu akavua kofia. "Hapa wamelala wanajeshi weusi wa Kaskazini. Walipopigwa risasi walikuwa wameshanyoosha mikono juu. Usilime hapa, usichimbe, usiseme."

Delmas akamtazama bwana wa bango. Akakitazama kibanda chake, ambacho tangu asubuhi kimeuza mapichi manne.

"Umesimama juu yake, bwana," akasema.

Bango likaja, chuma kizito juu ya nguzo, hatua kumi kutoka kwenye matikiti. Lilimtaja kanali wa Kusini, likamtaja na farasi wa kanali kwa jina. Wale wa kwenye mierezi halikuwataja.

Magari yakaanza kusimama. Watu wanasoma, wanakohoa kwa heshima, halafu wananunua. Delmas akaongeza na biashara ya risasi za vita. Nyingine alizichimba kweli. Nyingine aliziyeyusha mwenyewe nyuma ya ghala, kwa madini ya risasi ya kwenye betri za magari.

"Hii ilimtoboa luteni mguuni," anamwambia mteja.

Royce, jirani yake, amekaa kwenye kreti anatafuna tumbaku. "Juzi si ulisema begani?"

"Alikuwa luteni mfupi."

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hanunui. Kila Mei, siku ile watu wanasafisha makaburi na kula pamoja makaburini, Bi Ozella Tipton alikuja kwa miguu na maua kwenye chupa ya jemu. Babu yake, Washington Tipton, alitoroka utumwani akajiunga na jeshi la Kaskazini, akafa Harpole. Kaburi lake halikujulikana. Bi Ozella alipiga magoti chini ya bango, akayapanga maua, akaomba, akaondoka. Delmas alimtazama hivyo miaka ishirini na sita. Siku hizo alikuwa anajipa kazi ya kupanga matikiti, na matikiti yenyewe Mei hayajaiva.

Mwaka 1974 wakaja kupanua barabara. Wahandisi, kwa kuwaheshimu wafu, waliichora ikate kona mbali na bango. Alhamisi moja Delmas akavuka kijito kufuata ndama, akakuta vigingi vya utepe mwekundu vimepita katikati ya mierezi.

"Una bahati wewe kama shetani," Royce akamwambia. "Bango limekuokolea kibanda. Mashine zinaanza Jumatatu, ng'ambo huko hakuna kitu."

Delmas akakaa chini katikati ya matikiti. Royce akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi Delmas alikwenda kwa Bi Ozella. Alikuwa barazani anamenya maharage.

"Bi Ozella, babu yako hayuko pale kwenye bango."

Mama hakuinua kichwa. "Yuko wapi?"

"Kwenye mierezi. Nilijua tangu mwanzo. Nilitaka magari yasimame."

Maharage yakaendelea kudondoka kwenye bakuli, moja, moja.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nimeyaombea matikiti yako."

"Ndiyo, mama."

"Na watu wote wakipita unawasimulia wewe, mjuzi wa Harpole."

"Ndiyo, mama. Jumatatu barabara inapita juu yao."

"Basi Jumatatu utanipeleka," akasema, "na utasema hivyo hivyo mbele ya watu. Kisha usinisemeshe tena."

Jumatatu asubuhi walikuta mashine zinanguruma. Bi Ozella alivaa nguo ya kanisani. Nyapara alisikiliza, kofia nyuma ya kisogo.

"Ramani yangu haina makaburi."

"Ramani niliidanganya mimi," Delmas akasema. Wafanyakazi wote walisikia, na Royce pia, aliyekuja kuangalia tingatinga. Hakuna aliyecheka.

Nyapara akaupima ule mstari wa miti kwa macho. "Kusimamisha kazi siwezi. Kusogeza kidogo naweza. Niambie wanaanzia wapi na wanaishia wapi."

Bi Ozella akamgeukia Delmas. "Unajua? Kama hujui, sema hujui."

Neno dogo hilo. Babu alimwonyesha Delmas mahali, hakumwonyesha mwisho. Lakini watu kumi walikuwa wanamtazama, na Delmas Yarbrough tangu kuzaliwa hakuwahi kusema sijui.

"Wanaanzia mwerezi wa kwanza, wanaishia wa tatu," akasema. "Napajua kama kiganja changu."

Wakafunga utepe kwenye mwerezi wa tatu. Bi Ozella akaletewa kiti, akakaa upande wa wafu, maua mapajani. Upande wa pili tingatinga likauangusha mwerezi wa nne kwa msukumo mmoja, likarudi, likachota udongo. Mara ya tatu udongo ulitoka na vifungo vya shaba, na kitu kirefu ambacho dereva alidhani ni mzizi. Kisha kingine. Kisha taya lenye meno.

Dereva akazima injini, akavua kofia.

Bi Ozella aliinuka, akavuka utepe, akaenda mpaka kwenye lile rundo. Hakujua aweke maua wapi. Alizunguka, akazunguka tena, chupa ikimwagika maji kwenye viatu.

Delmas akamfuata mpaka hatua tatu nyuma yake, akasimama.

"Wanafika mpaka wa tano," akasema. "Nilikosea."