Mtoto wa mke mwenzangu anasema namuua mama yake kwa dawa ya bure

Admin, nifiche jina, ila Ujiji usiifiche, maana wa huku ndio watakaonielewa. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu. Kalamu sijawahi kuishika, ndiyo maana nimekutumia sauti uiandike wewe, na usinipambie maneno. Nina hofu, wanangu, hofu ya kunikausha mate.

Namuuguza mke mwenzangu. Marehemu mume wetu alimleta kutoka Kagunga mimi nikiwa na watoto wanne tayari. Siku aliyoingia nilimwambia, "Jiko langu usiliguse." Akaligusa. Tukagombana miaka na miaka, mume akafa, tukabaki wawili tukitazamana. Sasa tunakamua mawese pamoja na tunakula sahani moja. Yeye ananiita dada, mimi namwita Mdogo.

Mdogo ana saratani ya kizazi. Walimlaza hospitali, mwisho daktari akasema imesambaa, haiponi tena, turudi nyumbani. Nikamuuliza nesi, "Mnamfukuza kwa sababu hana bima?" Nesi akanivuta pembeni. "Hapana, bibi. Ugonjwa umetushinda, lakini maumivu hayajatushinda. Nitakuwa nakuja kwenu kumwona. Inaitwa tiba shufaa." Akanipa chupa ya dawa ya maji, kali, ya kutuliza maumivu, na bomba lisilo na sindano la kupimia.

Nikauliza bei. Akasema hakuna. "Kitanda na vipimo mlilipia. Dawa hii hamlipii, wala safari zangu. Serikali inatoa, hospitali inachangia, na wahisani wapo. Sabuni, glavu na uji ndivyo vyenu."

Mimi ni mtu wa sokoni. Pale Katonga mtu akikupa dagaa bila kutaja bei, ujue bei inakuja nyuma. Nikawaza, hawa watasubiri siku ya msiba, wauzuie mwili. Nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka. "Nitauzuia vipi, bibi, na mgonjwa analala chumbani kwako?" Nikatulia kidogo. Kidogo tu.

Sasa sikieni kilichonipata. Huku kwetu kinywaji unachompa mtu unakionja kwanza mbele yake, aone hukutia kitu. Tena mimi ni mke mwenza! Mawifi wamejaa kwenye mkeka, macho yote mkononi kwangu. Nikavuta dawa, nikameza yangu, nikampa Mdogo yake. Wakaridhika. Nikawa naonja hivyo kila ninapompa.

Nikaanza kusinzia mchana. Nikadhani ni uchovu wa kuuguza. Siku moja nikadondokea pale pale jikoni, mawese yanaungua, Mdogo analia kwa maumivu ananiita, wala sisikii. Wifi mkubwa ndiye aliyenikuta. Alipiga yowe mtaa mzima ukasikia. "Si niliwaambia! Kama inamlaza huyu mzima, mgonjwa je?" Nilionja ili wasiseme nina sumu, na kule kuonja ndiko kumenipa jina la sumu.

Nesi alipokuja alinifokea kama mtoto. "Bibi, hii si togwa! Imepimwa kwa maumivu yake yeye. Wewe maumivu unayo wapi?" Mdogo kitandani akacheka mpaka akashika tumbo. "Mwache, nesi, analipiza. Mimi nilimchukulia mume, yeye ananichukulia dawa."

Lakini wifi alikuwa ameshampigia simu mtoto wa kiume wa Mdogo, yuko Dar. Huyo kijana nimemlea mgongoni kwangu. Akanipigia, hata shikamoo hakuna. "Mama mkubwa, dawa ya kutibu inauzwa. Hiyo ya bure ni ya kumalizia watu. Nakuja Jumamosi, nauza boti ya baba, nampeleka mama Dar atibiwe. Akifa kabla sijafika, tutajuana mimi na wewe."

Boti hiyo ndiyo inayotulisha wote. Lakini sililii boti. Kama Mdogo angekuwa wa kupona, ningeisukuma mwenyewe kwa mnunuzi.

Nikamwambia Mdogo. Akasema, "Dada, kutoka hospitali mpaka hapa tu nililia kwa kila shimo la barabara. Dar nitafika? Siendi. Nataka nifie hapa, nikisikia unavyogombana na kuku."

"Basi mwambie mwanao."

"Nilishamwambia. Anasema umenilisha maneno."

Nesi ameahidi kuja kuzungumza naye, ila Jumamosi yuko kwa wagonjwa wa Kalinzi, kule milimani, na mvua ikinyesha pikipiki haishuki. Kwa hiyo mlangoni nitakuwa peke yangu. Nikimzuia, na mama yake akafa mikononi mwangu, nitakuwa nimemuua, na mtaa utashuhudia. Nikimwachia, namwona Mdogo akifia njiani, mdomo wazi, ananitafuta.

Siku hizi sionji tena, natii nesi. Nampelekea bomba mdomoni polepole, dawa isimwagike shavuni. Yeye haangalii bomba. Ananiangalia mimi machoni, anameza, anasema, "Ahsante dada." Ukoo mzima unaniogopa, yeye peke yake haniogopi, na yeye ndiye anayeondoka.

Wenye kujua, kwanza niambieni: dawa hii kweli hawaji kuidai tukishazika? Na nyie mliouguza wenu nyumbani mpaka mwisho, mtoto wake akisimama mlangoni Jumamosi, nimpishe au nisimame? Msinionee haya kwa sababu ya uzee wangu, semeni. Jumamosi haiko mbali.