Komeo la Mbele

Odilo Henzen alianza kazi katika duka la vifaa vya theluji akiwa na miaka ishirini na miwili. Sasa ana sitini na mmoja. Mimi nimekuwa naye humo miaka kumi na minane, nikipasha moto viatu vipya ili vikubali umbo la miguu ya watu. Mteja akiingia, Odilo humuuliza kwanza, "Mara ya mwisho ulianguka vipi?" Husikiliza jibu ameinamisha kichwa, na humohumo huchagua urefu wa mbao za kutelezea, ugumu wa kiatu, hata mlima.

Januari alikuja Regula Aebischer, mwalimu wa hesabu kutoka Bern, mteja wetu wa miaka mingi. Mumewe, Beat, alitaka likizo yao waimalizie bonde la jirani, kwenye hoteli kubwa na lifti thelathini za kupandisha watu mlimani. Regula alitaka kubaki kwetu, kwenye lifti mbili zinazolia kama mbuzi, kisha apande kwa miguu yake kule ambako lifti hazifiki.

"Mwenzako anataka lifti, mpe lifti," Odilo alimwambia. Alikuwa amepiga magoti, anamfinya kisigino. "Utavunja ndoa bure."

"Ndoa ya miaka thelathini haifi kwa siku nne. Niambie, nichukue mbao hizi nyepesi au zile?"

"Nyepesi utazipenda ukipanda, utazilaani ukishuka. Chukua za kati."

"Unataka kuniuzia za bei mbaya, mzee."

"Hizo za kati ndizo rahisi! Muulize Leander hapo, yeye hana akili ya kudanganya."

Leander ni mimi. Tukacheka wote.

Akamwonyesha namna ya kubandika chini ya mbao zile ngozi zinazomzuia mpandaji asirudi nyuma. Akamwonyesha komeo dogo lililo mbele ya kiatu. Ukipanda, unalifunga. Ukishuka, unalifungua, ili ukianguka ubao uachie mguu kabla mfupa haujavunjika. Ndivyo kitabu cha maelekezo kinavyosema, na ndivyo tunavyomwambia kila mgeni.

"Na nyinyi?" Regula akauliza.

"Sisi vipi?"

"Nyinyi wa hapa. Mnashuka komeo likiwa wazi?"

Sisi wa hapa hulifunga. Njia zetu nyingi hupita juu ya korongo, na mtu anayechomokwa na ubao pale haokotwi mzima. Baba zetu walituambia kwamba mguu uliovunjika hupona, wakaishia hapo. Jambo hili hatuliandiki popote wala hatumwambii mgeni, kwa sababu mgeni hapiti kwenye korongo.

"Sisi tunafunga," Odilo akasema.

Niliinua macho. Alipaswa kuongeza neno moja tu, kwamba ni kwenye korongo peke yake. Hakuongeza. Nadhani alifurahi kuulizwa kama jirani anavyoulizwa, baada ya maisha mazima ya kuulizwa bei. Mimi nami nilikuwa na kiatu cha moto mkononi, na ulimi kinywani, nikakaa kimya.

Siku tatu baadaye Regula alianguka kwenye mteremko mpole juu ya msitu, mahali ambapo watoto wa shule hujifunzia. Ncha ya ubao iliingia chini ya theluji iliyoganda juu. Mwili ukageuka, ubao haukugeuka. Muundi ulivunjika mara mbili. Helikopta ilipopita juu ya paa letu, Odilo alikuwa anakata ngozi kwa mkasi. Alisimama hivyo hivyo, mkasi wazi, mpaka sauti ikaisha.

Wiki iliyofuata Beat aliingia dukani na zile mbao begani. Nilidhani amekuja kutupigia kelele. Afadhali angepiga.

"Nimekuja kukuomba radhi, Bwana Henzen," alisema. "Waokoaji walilikuta komeo limefungwa. Nikasema ni wewe hukumfundisha. Nilishawaza mpaka mwanasheria. Lakini Regula anasema ulimfundisha vizuri, ni yeye alisahau."

"Alisahau," Odilo akarudia.

"Mama yake alianza hivihivi. Akasahau jiko, akasahau njia ya nyumbani, mwisho akatusahau sisi. Nimeongea na daktari, atapimwa kichwa. Na mlima basi. Nimemwapisha."

"Pole sana, bwana," Odilo alisema.

Beat alimshika mkono, akaondoka. Odilo alizifuta zile mbao taratibu, upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha upande wa kwanza tena.

"Regula anakukinga," nikamwambia.

"Najua."

"Basi mwache akukinge. Duka likifungwa tutakula nini?"

Nililisema hilo mimi, kwa mdomo wangu. Odilo aliendelea kufuta. Siku mbili hakula mkate wake wa mchana. Aliukata vipande, akavirudisha kwenye karatasi. Siku ya tatu alivua aproni asubuhi, wateja wakiwa wamesimama, akaniambia, "Washa gari."

Tulimkuta Regula katika hospitali ya bondeni akingoja upasuaji wa pili, Beat yuko kando yake anamenya chungwa. Regula alipotuona mlangoni alitikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayemkataza mwanafunzi asiongee.

Odilo aliongea. "Mkeo hakusahau kitu, Bwana Aebischer. Aliniuliza sisi tunafanyaje, nikamwambia tunafunga. Nilimpa nusu ya habari. Ulipokuja dukani nilinyamaza, nikakuacha uamini anapoteza akili."

Beat aliliweka chungwa juu ya shuka. "Regula?"

"Sikusahau," alisema.

"Kwa nini uliniambia—"

"Kwa sababu ungemfungia duka! Na wewe, Odilo, nani alikutuma? Nilishayamaliza."

"Hukuyamaliza. Unapelekwa kupimwa kichwa."

Beat alijifunika uso kwa mikono. Mabega yalitikisika, na sikujua ni hasira au ni kitu kingine. Aliposhusha mikono alimtazama mkewe tu. "Hukusahau," alisema. "Mungu wangu, hukusahau." Kisha, bila kutugeukia: "Tokeni. Utaniandikia haya yote kwenye karatasi, Henzen, na sahihi yako."

"Nitaandika."

Tulikuwa tumeshafika mlangoni Regula alipoita. "Odilo! Mguu ukipona nitapanda tena. Niliapa kwa sababu ya kusahau ambako hakukutokea." Akapumua. "Lakini viatu na mbao nitanunua kwingine."

"Ni haki yako," Odilo akasema.

Aliandika ile karatasi ndani ya gari, ubao wa kuandikia ukiwa juu ya magoti yake. Jina langu halikuwamo. Nilisoma mpaka mwisho, nikamrudishia, na sikumwomba aliongeze.