Daraja la Luglio

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yangu, hapa Misunkumilo, nabangua karanga za mbegu, simu ikaita. Alikuwa mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wetu. Masista waliomsomesha uuguzi wamempeleka Italia kwa miezi mitatu akajifunze kuhudumia wazee, na siku hiyo ilikuwa ya mapumziko yake. Nilitegemea kuona sura yake kwenye simu. Badala yake niliona ukuta wa mawe, halafu watu wengi, halafu paa kubwa la duara, rangi ya tofali.

"Dada," akasema, "hebu niambie hapo ni wapi."

Nikajibu bila kufikiri. "Genaiyo."

Akacheka mpaka picha ikatikisika. Na mimi nikacheka, karanga mkononi, halafu ghafla nikaogopa, kwa sababu nilijua atakwenda wapi baada ya hapo.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hata mtu aliyezaliwa kwenye mji ule hawezi kujua Genaiyo ni nini.

Nyumba yetu ilikuwa Ilembo, upande wa mashamba, ya tofali mbichi. Kila masika udongo wa ndani ulimomonyoka na kudondoka kitandani, hata kwenye sahani. Mwaka mmoja mama aliumwa, akawa anachukua dawa kwa sista mmoja Mtaliano, na sista yule akampa kalenda. Ilikuwa ya karatasi nzito inayong'aa, kila mwezi na picha yake, zote za mji mmoja, na juu ya kila picha limeandikwa jina la mji huo, FIRENZE. Mwaka ulipoisha baba hakuitupa. Alikoroga uji mzito wa muhogo, akabandika kurasa zote kumi na mbili kwenye ukuta wa chumba tulicholala watoto, pale penye nyufa. Bado naikumbuka harufu ya ule uji siku za mvua, imechachuka kidogo, imechanganyika na ya udongo uliolowa.

Baba alifariki picha zikiwa bado zinang'aa. Mama hakumaliza mwaka mwingine. Nikabaki mimi, wa kwanza, nikaishia darasa la sita. Akafuata mdogo wangu wa kiume, kisha kitindamimba ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Bibi mzaa baba akaja kutoka Usukumani kukaa nasi. Aliniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita hata mtoto wa kike, na mimi nikalichukua jina hilo kama kazi.

Asubuhi nilikwenda kwenye bani la jirani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, kufunga majani kwenye fito. Utomvu wake ulikuwa mweusi, haukutoka kwa sabuni wala kwa majivu, na wadogo zangu walisema ugali wangu unanuka sigara. Nikirudi alasiri nilibandika maharage. Unajua maharage yaliyokaa ghalani yalivyo magumu, na kuni zetu hazikuwa kavu. Kitindamimba alilia njaa, alilia mpaka sauti ikakauka. Hapo ndipo tulipoanza kutembea.

Kutembea maana yake ni kwamba tunaacha chungu motoni, tunaingia chumbani, na kila mmoja anakuwa mwenyeji wa ukurasa wake. Wengine ni wageni. Lazima wapige hodi, lazima wakaribishwe, lazima waelezwe wanaona nini. Majina ya mahali tuliyasoma chini ya picha, kwa herufi kubwa nyekundu. GENNAIO lilikuwa kanisa langu, lenye paa kama chungu kilichofudikizwa. MAGGIO ulikuwa mlango wa dhahabu wenye watu wadogo wadogo waliochongwa, huo ulikuwa wa kitindamimba, na yeye alidai kuwajua wote kwa majina. LUGLIO lilikuwa daraja lenye nyumba juu yake. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba ile, kwa hiyo nikasoma Genaiyo, Majigio, Lugilio, na hakuna aliyenibishia.

Bibi alipewa ukurasa bila kuuomba. Ulikuwa na mwanamume wa jiwe jeupe, mrefu, amesimama hana hata kipande cha nguo. Bibi alimtazama siku ya kwanza, akaweka mkono mdomoni. "Yaya," akasema, maana yake hapana. "Mtu mzima na akili zake, anasimama hivi mbele ya wajukuu." Akachukua pakiti tupu ya majani ya chai, akaikata, akambandika kiunoni. Tangu siku hiyo tulimwita Mzee Majani. Siku moja nilimsikia bibi anafagia chumbani peke yake, anasema kwa upole kabisa, "Sogea, baba, nifagie."

Lakini mwenyeji hasa alikuwa mdogo wangu wa kiume. Baba aliwahi kutupeleka sisi wawili wakubwa Sitalike, juu ya lori la mpunga, tukasimama darajani tukaangalia viboko waliolala kwenye tope la mto Katuma. Nakumbuka baba alimshika mdogo wangu kwa mkanda wa kaptula asije akatumbukia. Baada ya hapo kila daraja lilikuwa la baba. "Msiiname sana," alituambia mbele ya ukurasa wake. "Chini wako viboko. Nyie wageni hamjui." Halafu anatuonyesha juu, katikati, pale nyumba zinapoachana na kubaki matao matatu yaliyo wazi. "Hapa ndipo watu wa humu wanatoka kupumua. Hapa, na hapa, na hapa." Kidole chake kiligusa kila tao. Tulikuwa tunapumua naye, mara tatu, na kitindamimba anasahau kulia.

Kila masika alikoroga uji wake kwenye kopo, akabandika upya pembe zilizoachia, akafuta vumbi kwa shati. Kurasa nyingine zilijikunja na kufifia. Lugilio ilibaki kama ilivyotoka kwa sista.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Kitindamimba alipoingia darasa la tatu, mwalimu wake alitaka kila daftari liwe na jalada. Asiye na jalada Jumatatu asiingie darasani. Mtoto aliniambia Jumapili mchana, anasokota sketi. Bibi alikuwa na homa. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye bani, macho yanawasha kwa moshi. Nikachukua kisu, nikasimama mbele ya ukuta.

Nilianza na Genaiyo yangu. Mchwa walishapita nyuma yake, ikatoka vipande vipande. Majigio ilitoka na udongo. Mzee Majani alichanika palepale penye chai. Ukurasa mmoja tu ulitoka mzima, nao ulitoka mzima kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeutunza. Nilijua. Sitakuambia kwamba sikujua. Nikaukunja katikati, nikaushona kwa uzi kwenye mgongo wa daftari, na juu ya mto nikaandika Hisabati kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la sita.

Mdogo wangu wa kiume alirudi jioni kutoka kuchunga ng'ombe wa jirani. Aliona pale ukutani penye umbo la ukurasa, udongo mkavu ambao haukuwa umeona mwanga tangu baba, akaenda moja kwa moja kwenye daftari. Akaligeuza mbele, akaligeuza nyuma.

"Dada, umevunja daraja."

"Ni karatasi hiyo."

"Baba ndiye aliyelibandika."

"Baba hayumo humo," nikasema. "Kama yumo, mwambie atoke apike."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Pengine kwenye moshi wa bani, pengine kwenye miaka yote ile ya kuitwa mama. Aliliweka daftari mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Siku tatu zilizofuata alichota maji, akapasua kuni nyingi kuliko kawaida, akazipanga ukutani mpaka dirishani. Siku ya nne alipanda gari la wachimbaji, akaenda machimbo ya dhahabu. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Kuni zile zilitosha mpaka masika, na kila nilipochukua moja nilijua kwamba hakuondoka kwa hasira ya ghafla. Alikuwa amepanga.

Bibi alipofariki alikuja, akachimba kaburi na wanaume wenzake, akaondoka chakula hakijapakuliwa. Baadaye nikasikia ameacha machimbo, yuko Sitalike, anafanya vibarua vya kufyeka barabara za hifadhi. Sitalike siyo mbali. Nikapanda gari, nikamfuata. Alinipa shikamoo kwa heshima zote. Akatoa ndani kiti cha plastiki, kile cha wageni, akakifuta kwa kitambaa, akaninunulia soda. Mwenyewe akakaa juu ya ndoo. Tukazungumza habari za mvua. Kila nilipojaribu kusema lile lililonipeleka, aliuliza, "Dada, soda imepoa?" Jioni akanisindikiza barabarani, akanishikia mlango wa gari. Afadhali angenitukana. Toka hapo nikimpigia hapokei, na nikimwandikia hajibu.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini kicheko kilinikauka Jumapili ile.

Kitindamimba hakujua kwamba naogopa. Yeye alikuwa anafurahia. "Dada, unajua Gennaio ni nini? Ni Januari. Luglio ni mwezi wa saba. Tulikuwa tunatembea ndani ya miezi." Akanipeleka kwenye Majigio yake, watu wadogo wa dhahabu bado wapo, lakini umati ulikuwa mkubwa mno, hakupata pa kupigia hodi. Akanipeleka uwanjani kwa Mzee Majani. Watu walikuwa wanampiga picha bila aibu. "Huku hawanywi chai," akasema. Nikafikiria bibi angesema nini, nikacheka tena kidogo.

Kisha akatembea muda mrefu. Niliona viatu vyake, mawe ya barabara, njia nyembamba yenye kivuli.

"Nimefika kwake," akasema.

Akaipitisha simu polepole. Nyumba juu ya daraja, kweli zipo. Madirisha yenye milango ya mbao, kweli. "Lakini dada, hapa ni dhahabu tupu. Kila duka, dhahabu. Pete, mikufu. Hakuna kingine kinachouzwa."

Nilifikiria mikono ya mdogo wangu shimoni, miaka yote ile, anatafuta chini ya ardhi ya Katavi kitu ambacho kilikuwa kimepangwa madirishani kwenye daraja lake mwenyewe.

"Dada, upo?"

"Nipo. Toka hapo, simama mbali, unipigie picha ya daraja zima. Usikate popote."

Picha ilipofika nilianza kuandika ujumbe kwa mdogo wangu wa kiume. Niliandika mrefu, nikaufuta. Nikaandika mfupi, nikaufuta na huo. Mwisho nikatuma picha peke yake.

Jumatatu mchana, napepeta karanga, simu ikalia. Neno la kwanza kutoka kwake baada ya miaka sita.

"Matao ya juu ni matatu?"

Nikafuta vidole, nikahesabu kwenye kioo cha simu. Nikahesabu tena. Nikajibu, "Matatu."

Maganda yakapeperuka yakanijaa kwenye kanga.

"Kwenye daftari nilihesabu mawili."

Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Kumbe siku ile, alipoligeuza mbele na nyuma, alikuwa anahesabu. Tao la tatu lilikuwa kwenye mkunjo, chini ya uzi wangu. Lilikuwepo. Sikulikata. Yeye ameishi miaka yote akiamini kwamba nililikata, nikalitupa, pamoja na baba aliyekuwa anapumua pale.

Nimwonyeshe nini sasa? Nyumba ya Ilembo ilianguka kwa mvua, na palipokuwa na chumba chetu jirani amepanda mahindi. Bani lilishabomolewa. Bibi hayupo, na sijawahi kusikia tena mtu anamwambia jiwe asogee afagie. Daftari lenyewe lilipojaa nililiuza pamoja na mengine kwa mama mmoja aliyekuwa akifungia karanga barabarani. Kwa hiyo daraja lile, na mto, na Hisabati, viliondoka kipande kwa kipande mikononi mwa watu wenye njaa ndogo, na hakuna aliyejua anatupa nini.

Sikumwandikia hayo. Mambo mengine huwezi kuyaweka kwenye simu. Jana nilikwenda steshenari mjini, nikaomba picha ile waichape kwa ukubwa wa kalenda. Kijana wa dukani akataka kuikunja iingie kwenye bahasha, nikamshika mkono. Nimeiviringisha, nimeifunga kwa kanga. Nimechukua na unga wa muhogo kwenye mfuko, kikombe kimoja, kwa sababu sijui kama yeye anao.

Gari la Sitalike linaondoka kesho asubuhi. Nitamwambia kuhusu uzi, nitamwambia na kuhusu baba, kwamba lile nililosema halikuwa kweli. Huenda nikapata nafasi, huenda ataniuliza kama soda imepoa. Nitajua nikifika tu, nikiona amenitolea kiti kile cha wageni, au amenisogezea ndoo.