Kipande cha Figo na Jagi la Shangazi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyorudi kijijini kwetu Kaagya kutoka hospitali ya Mwanza nikiwa nimeshonwa ubavuni kama gunia la kahawa. Wakati huo nilikuwa kijana mwenye kifua, siyo hiki kizee unachokiona, kinachokohoa kwanza ndipo kicheke. Niliteremka kwenye gari taratibu, mkono ubavuni, nikakuta uani kumejaa watu mpaka kuku wamekosa pa kupita. Huku kwetu mtu akitoka hospitali yuko hai, hapokelewi na mkewe peke yake. Anapokelewa na ukoo mzima, na kila mmoja ana dawa yake.

Ngoja kwanza nikueleze walinikata nini, maana kijijini habari zilikuwa zimeshanitangulia. Wengine walisema nimetolewa mafigo yote nikawekewa ya mbuzi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakojoa damu. Mara ya kwanza nikajidanganya kuwa labda nimekula kitu chekundu. Mara ya pili mke wangu Jeneroza akanikokota hospitali. Wakanipiga picha ya tumbo, wakaona uvimbe kwenye figo la kulia. Saratani, ila bado ndogo. Mtu mwingine angetolewa figo zima akabaki na jingine, maisha yakaendelea. Mimi nadhani Mungu aliniumba jioni, amechoka. Figo langu la kushoto limesinyaa tangu nizaliwe, liko kama harage tu, halina kazi.

Daktari wangu alikuwa mama mmoja mpole. Alianza kunieleza kwa maneno makubwa, akaona namkodolea macho, akarudia kwa lugha ya watu. Shule mimi niliishia darasa la tano, la sita nililiona kupitia dirishani.

"Deo," akasema, "nikilitoa lote, utaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Kwa hiyo nitakata uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, nikuachie kilichobaki. Lakini hicho kilichobaki ndicho utakachotumia mpaka uzeeni. Mimi nakata siku moja. Kukitunza ni kazi yako, miaka yote."

Baba yangu mdogo, aliyenisindikiza Mwanza, hakukubali. Ilikuwa enzi ule mnyauko umeingia migombani, tunaambiwa ukiona mgomba mmoja umeugua ng'oa shina zima. Akasema kitu kikishaoza unabakiza kipande cha nini? Nikamwambia, "Baba mdogo, mgomba ukiung'oa utapanda mwingine. Figo nitapanda kwenye kibanja gani?" Ni mara moja tu maishani nimemshinda yule mzee kwa maneno, na nilikuwa nimevaa gauni la hospitali, nyuma kuko wazi.

Basi, wakakata, uvimbe ukatoka wote. Kabla sijaruhusiwa yule mama akanionya tena: usimeze vidonge vya maumivu bila kutuuliza, na usinywe mizizi ambayo hakuna anayejua ndani yake mna nini, kwa sababu kipande hicho ndiyo kwanza kinajifunza kubeba mzigo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza ndizi za nyumbani.

Sasa turudi uani. Nimekaa kwenye mkeka, watu wananipa pole, mara akaingia Shangazi Koku, dada mkubwa wa baba yangu. Baba alikuwa ameshafariki, na unajua kwetu shangazi ni nani. Ni baba yako aliyevaa kanga. Akisema kaa, unakaa. Mkononi ana jagi la plastiki, ndani maji meusi yenye povu.

"Nimetoka nayo Muleba alfajiri," akasema. "Mizizi nimechimba mwenyewe, nimechemsha mwenyewe. Itasafisha hicho kipande walichokubakizia. Kunywa, mwanangu."

Akamimina kikombe kikajaa. Mwanangu, ilinuka kama soksi za timu nzima. Ukoo wote ukatulia kuniangalia. Mimi nilikuwa najua nimekatazwa. Jeneroza naye alijua, alikuwepo nikiambiwa. Lakini nani anakataa kikombe cha shangazi mbele za watu? Nikakipokea kwa mikono miwili. Nakwambia kweli, ningekunywa. Nilikuwa tayari kupoteza figo kuliko kuonekana sina adabu.

Ndipo Jeneroza akaja. Akapiga magoti mbele ya Shangazi kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia wakubwa, halafu akakitoa kile kikombe mkononi mwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Shangazi, waitu," akasema kwa lile neno letu la heshima, "nakuomba. Mume wangu ana kipande. Mimi ninayo mawili, yote mazima. Niruhusu ninywe mimi kwa niaba yake, ili heshima yako isianguke chini."

Akakipeleka mdomoni.

"Acha!" Shangazi akaruka, nusura amwage jagi. "Acha, wewe mwanamke! Una mtoto ananyonya! Ikikudhuru je?"

Ukoo wote ukamgeukia Shangazi. Hata mimi nilisahau kuumwa. Kisha baba mdogo, kutoka kule alikoegemea ukuta, akauliza kwa sauti ya taratibu, "Aa. Kumbe inadhuru?"

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nikacheka, mshono ukanifinya, nikalia, nikacheka tena. Shangazi peke yake hakucheka. Akaniangalia.

"Deo. Daktari alikwambiaje?"

"Alinikataza, Shangazi."

"Na ulitaka kunywa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima yako, waitu."

"Heshima!" Akaliweka jagi chini kwa kishindo. "Ungekufa na heshima yako, mimi ningesema nini kwenye kaburi la ndugu yangu? Kwamba nimemuua mwanawe kwa adabu nzuri? Mimi nina masikio, Deo. Ungeniambia! Kijana anayenificha ukweli mbele za watu, huyo ndiye hajaniheshimu."

Akaenda mwenyewe akamwaga ile dawa nyuma ya choo. Aliporudi akaketi karibu na Jeneroza, akamwambia amweleze kila kitu daktari alichosema. Akamrudisha nyuma kila alipoenda haraka. Jeneroza akaeleza mpaka ndizi zikaiva jikoni.

Tangu siku hiyo nikapata mlinzi. Msimu wa kahawa mgongo ukiniuma, wenzangu wakinipa vidonge vyao vya maumivu, habari zinafika Muleba kabla sijapata maji ya kumezea. Shangazi anapiga simu: "Umeuliza hospitali?" Nikienda Bukoba kupima damu na mkojo, vijana wananicheka, eti Deo amepona zamani, sasa anakwenda kumsalimia nesi. Nesi mwenyewe alikuwa na umri wa mama yangu, na sindano yake ilikuwa haina huruma.

Vipimo vya mwanzo vilinitisha. Figo lilikuwa linachuja pungufu kuliko kabla ya kisu, nikaanza kugawa mashati yangu kichwani. Daktari akaniambia, tulia, ukishakatwa lazima lishuke, kisha litatulia mahali pake. Tunachochunga ni lisiendelee kushuka. Kweli likatulia. Baadaye presha ikapanda, wakanipa vidonge ninavyomeza kila siku mpaka leo, wakanipunguzia chumvi. Siku ya kwanza Jeneroza aliponipikia dagaa bila chumvi nilisononeka kuliko siku ya kisu. Lakini nilikula. Na mwaka ukaisha, na mwingine, na mwingine, kipande kiko palepale.

Leo yule mtoto aliyekuwa ananyonya ni mama wa watu, anaishi Kitendaguro pale Bukoba, na mimi nalala kwake nikienda kupima. Safari iliyopita nilimkuta daktari kijana. Akaangalia majibu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye majibu. "Mzee," akasema, "hiki kipande kimefanya kazi vizuri kabla mimi sijaanza kusomea udaktari." Nikamwambia, "Basi kiamkie." Na kweli akainama kuelekea ubavuni kwangu akasema shikamoo. Nikaitikia marahaba kwa niaba ya kipande. Nimetoka pale nikitembea katikati ya barabara kama mkuu wa wilaya.

Shangazi hakuiona siku hiyo, ila aliijua itakuja. Nilipokwenda kumwona Muleba mwishoni mwa maisha yake, macho yalikuwa yamekwisha, akanishika ubavu badala ya mkono.

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya, Shangazi."

"Na ukipewa kitu ulichokatazwa, unasemaje?"

"Nasema, waitu, asante, lakini nimekatazwa."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akacheka. "Sasa nimekulea."

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukikatwa ukabakiziwa, usione kuwa kazi imekwisha siku mshono unapokauka. Daktari amekupa mwanzo tu. Nenda ukapime hata ukijisikia kama dume la ng'ombe, maana figo likichoka halipigi kelele. Ichunge presha, chumvi iwe kidogo, na kidonge cha maumivu kiulizie kwanza. Anayekuletea kikombe kwa upendo usimdharau, ila usimfiche ukweli. Mwambie kwa magoti ukitaka, lakini mwambie. Mtu anayekupenda atachagua ubaki hai, kikombe chake akimwage.

Mungu akupe mwili mzima. Na ukipungua, akupe mke kama Jeneroza na shangazi mwenye sauti ya kufika mbali. Ukojoe bila maumivu mpaka wajukuu wakuchoke kwa hadithi zako.