Miwani ya Njano

Miwani ile niliinunua kwa mmachinga, stendi ya Kahama. Vioo vyake vilikuwa vya njano. Kwenye karasha letu huku Geita, mashine ikianza kusaga mawe, vumbi halina adabu, linaingia hadi kwenye kope. Nikawa naivaa kutwa nzima. Siku ya kwanza kila kitu kilikuwa cha njano, hata ugali. Siku ya tatu sikuiona njano yoyote. Macho huzoea, kisha yanakudanganya bila haya.

Nilipoosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, niliivua. Ukiivaa, chembe ya dhahabu na chembe ya kokoto nyeupe ni mapacha. Nilijua hilo vizuri. Wachimbaji waliniletea mawe yao hata kutoka mashimo ya mbali. Navua miwani, natazama, nasema ipo au haipo. Sikukosea, na maringo nilikuwa nayo.

Mume wangu alianza kuchoka. Alirudi kutoka shimoni, chakula hakigusi, analalamikia ubavu wa kulia. Nyumbani tulionana giza likishaingia, kwa taa moja hafifu ya sola. Mchana mmoja akanifuata karashani.

"Mama watoto, hebu nitazame macho. Wenzangu wanasema yamekuwa ya njano."

Mikono yangu ilikuwa na tope hadi viwikoni. Nikamtazama hivyo hivyo, miwani usoni.

"Meupe kabisa. Hao wanataka uache zamu waichukue wao."

"Basi. Ukishasema wewe, yamekwisha."

Akarudi kazini. Kila walipomsihi aende hospitali, aliwajibu kwamba mke wake anaijua njano kuliko wao wote. Niliposimuliwa nilicheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba makofi.

Siku alipoanguka, walimtoa shimoni kwa kamba. Hospitalini nesi aliniuliza kama siku zote hizo nilikuwa simwoni mgonjwa wangu.

"Vua miwani, dada," akasema.

Nikavua. Shuka likabaki jeupe, ukuta ukabaki mweupe. Macho ya mume wangu yalikuwa ya njano kama binzari. Daktari alinivuta pembeni akaniambia ini limeharibika, tumechelewa mno.

Niliporudi kitandani, mume wangu alinishika mkono.

"Mama watoto, yakoje?"

"Meupe," nikamwambia.

Akaniamini tena. Alikufa kesho yake asubuhi, akiniamini.