Bi Sanduku na Mayai ya Kishungi

Enzi zetu kuku hakutoka kwenye friji hana kichwa wala miguu. Alitoka uani kwetu, tukimjua jina na tukimjua mama yake, na siku ya kuchinjwa kwake hawakukosekana watoto wa kulia. Wangu mimi aliitwa Kishungi, kwa ajili ya manyoya yaliyomsimama utosini. Alilala chini ya ngazi na alikuwa na kiburi cha mwenye nyumba. Wa umri wangu mnanielewa. Nyie mnaokipiga picha chakula kabla ya kukila, vumilieni kidogo.

Tulikaa Kiponda, katika nyumba ya mawe yenye ua mdogo katikati. Asubuhi kulinukia kahawa na mkate wa boflo wa moto, jioni samaki wa kukaanga, na baina ya hapo sisi wasichana tulicheza mdako wa vijiwe barazani mpaka ncha za vidole zikavimba. Ilikuwa miaka ile majumba ya Michenzani yanapanda ghorofa, na kila mtu mjini alikuwa na mpango wake wa maendeleo. Mpango wa Ami Khatibu, mdogo wake baba, ulikuwa vifaranga.

Ami alikuwa fundi wa stovu na kandili. Alikuwa amepata kijitabu cha ufugaji kilichong'oka kurasa za mwisho, kwa hiyo namna ya kuanza aliijua vizuri sana. Alichukua sanduku la majani ya chai, lile la mbao nyepesi lenye karatasi ya fedha ndani, akalivika magunia ili lishike joto, akatoboa matundu ya hewa ubavuni. Kandili akaiweka chini, juu yake kipande cha bati, na juu kabisa wavu wa kulazia mayai. Mtaa mzima ukaja kutazama, na kabla ya magharibi sanduku lilikwishapata jina. Wapita njia waliuliza mlangoni, "Bi Sanduku hajambo? Bado hajajifungua?"

Kipimajoto hatukuwa nacho. Ami alifumba jicho akaliweka yai juu ya kope, ametulia kama anasikiliza taarifa ya habari. Likimchoma alipunguza utambi, likiwa baridi aliupandisha. Mayai yalitakiwa yageuzwe mara kadhaa kwa siku, nasi tuliyageuza mara tano, baada ya kila sala, ili pasiwe na wa kusahau. Kazi hiyo alipewa Bibi, mama yake Ami, maana hapakuwa na mtu nyumbani ambaye sala zake zilikuwa na uhakika kama za kwake. Tena Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya Kiponda ilipita mikononi mwake, na hakukubali kwamba sanduku linaweza kuzaa bila yeye.

Mara ya kwanza tulitia mayai kumi na mawili, yaliyoletwa na jamaa zetu wa Mangapwani. Siku ya ishirini na moja alitoka kifaranga mmoja. Ami alimzungusha nyumba nzima kiganjani, lakini usoni alikuwa amenyong'onyea. Lawama zikatuangukia sisi watoto. "Mnafungua, mnafunga, mnafungua! Joto litakaa vipi?" Tukapigwa marufuku kulikaribia. Mara ya pili aliongeza bakuli la maji ndani, kwa kuwa ukurasa wa mwisho uliosalia kwenye kijitabu ulitaja unyevu, ukaishia hapo hapo.

Wakati tunangoja, kideri kikaingia mtaani. Kuku waliinamisha vichwa nyumba baada ya nyumba. Kishungi alinyong'onyea Jumamosi, Jumatatu tukamzika. Nililia mpaka mama akasema, "Na mimi nikifa, ulie hivi hivi." Kishungi aliniachia mayai sita kwenye kikapu, aliyoyataga kabla hajaugua, na mtaa mzima haukubaki na tetea wa kuyaatamia. Ami akaniambia ukweli: yai halingoji sana, wiki mbili hivi, basi. Sasa nilikuwa na haja na Bi Sanduku kuliko Ami mwenyewe.

Ijumaa ile mayai ya mara ya pili yalitimiza siku zao na kuzipita. Hakutoka hata mmoja. Ami akakaa uani na sinia, akaanza kuyapasua moja moja. Vifaranga walikuwa wamekamilika, wana manyoya na midomo, wamefia ndani bila kutoboa. Alirudia maneno yale yale, "Joto lilikuwepo. Maji yalikuwepo. Nini tena?" Mimi nilikuwa nimetoka kusukwa, kichwa kinang'aa kwa mafuta ya nazi aliyonipaka Bibi. Nikainama juu ya sinia.

"Ami," nikasema, "mbona maganda yananukia kama kichwa changu?"

Ami alinusa ganda. Akanusa kichwa changu. Akarudi kwenye ganda. Kisha sote tukageuka kumtazama Bibi.

"Mwanitazama nini?" akasema. "Siku zao zilipokaribia nimewapaka mafuta, wateleze watoke. Kwani nyie mmetokaje?"

"Mama, yai lavuta hewa kwenye ganda. Umewaziba pumzi."

Bibi akaokota ganda, akalinusa mwenyewe.

"Na yule mmoja wa mara ya kwanza alitokaje?" Ami akauliza.

"Yule alikuwa pembeni kabisa," Bibi akasema polepole. "Mafuta yaliniishia kabla ya kumfikia."

Nyumba nzima ilicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Bibi hakucheka. Aliingia chumbani kwake, na nilipopita mlangoni nilimwona amekaa kitandani anaitazama mikono yake. Nilitamani ningeuzuia ulimi wangu pale juu ya sinia.

Mayai ya Kishungi yakaingia alasiri ile ile. Ilipofika wakati wa kuyageuza, Ami alibisha mlango wa Bibi. "Mama, njoo. Sala zetu sisi zinarukaruka, mayai yatalala upande mmoja." Bibi akatoka. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akainyoosha mbele yangu. "Hebu nusa." Nikanusa, nikasema safi, ndipo akagusa yai. Tulifanya hivyo mara tano kila siku, kwa wiki tatu. Alfajiri nilinusa huku nimefumba macho kwa usingizi.

Siku yenyewe Bibi alikaa kwenye kibao mbele ya sanduku, mikono ameifungia mgongoni asije akajisahau. Yai la kwanza likalia kwa ndani. Likapasuka ufa, ufa ukawa tundu, na tundu likatulia mpaka nikadhani na huyu naye basi. Mara ganda likagawanyika. Kifaranga akalala kwenye wavu, amelowa, anahema.

"Khatibu," Bibi akaita.

"Naam, mama."

"Huyu nshamzalisha. Sasa naruhusiwa?"

Ami akacheka, akaitikia kwa kichwa. Bibi akachovya ncha ya kidole kwenye mafuta ya nazi, akamgusa kifaranga utosini, akasoma alichosoma. Walitoka wanne kati ya sita. Yule wa kwanza alipokua aliota shungi, na Bibi alisema mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ni kazi ya kidole chake.

Leo mjukuu wangu yuko Fuoni na mashine ya umeme ya kutotolea vifaranga. Inajigeuzia mayai yenyewe, inampigia kelele kwenye simu joto likishuka, naye yuko kwenye mpira hana habari. Mwezi uliopita nusu ya mayai hayakutotoa. Akaniletea lawama zote: umeme, unyevu, aliyemuuzia. Nikamwambia aniletee yai moja nilinuse. Akanicheka, "Bibi, sasa unanusa nini?"

Nililisogeza puani nikafumba macho, kama alfajiri zile. Halikunukia mafuta ya nazi, wala mkono wa mtu, na nilisikitika kuliko nilivyoweza kumweleza.